Kuiga si kosa, kosa ni kuiga bila kuuliza

MKAKATI wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, umeweka lengo la kuhakikisha kuwa asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mjadala uliofuata umetawaliwa na bei ya mitungi ya gesi, gharama za umeme na hatima ya biashara ya mkaa. Lipo hata hivyo swali ambalo halijapewa uzito unaostahili: ni nani atakayevitengeneza vifaa vitakavyohitajika, na atavitengeneza kwa ujuzi gani?

Kwa anayezifahamu karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam, au zile za Kamukunji na Shauri Moyo jijini Nairobi, sehemu ya jibu haina siri. Mteja huja na kifaa mkononi, hukiweka mbele ya fundi na kumwambia amtengenezee kama hicho. Fundi hukigeuza huku na huku, hupima kwa rula, hukata bati, na baada ya siku mbili tatu kifaa cha pili husimama kando ya kile cha kwanza. Viwanda vidogo vingi vya Afrika Mashariki vimezaliwa kwa njia hiyo.

Wapo wanaoita utaratibu huo wizi wa jasho la wengine, na wapo wanaouita ubunifu wa mzawa. Makundi yote mawili yanalikwepa jambo la msingi. Hakuna mhandisi popote duniani anayeanza kazi bila kutazama kazi za waliomtangulia. Kinachomtenganisha mjenzi wa kiwanda na mnakili wa kawaida ni swali analouliza kila mmoja anapokitazama kifaa cha mwenzake. Mnakili huuliza kina umbo gani, na mhandisi huuliza kwa nini kina umbo hilo. Tofauti ya maswali hayo mawili ina gharama, na mara nyingi anayeilipa ni mama wa nyumbani anayenunua mkaa kwa kopo.

Jiko lililotoka mbali

Mfano wa karibu zaidi umo majumbani. Jiko la mkaa lenye bati kwa nje na udongo uliochomwa kwa ndani, lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980 na baadaye kuvuka hadi Tanzania, Uganda na kwingineko, hudhaniwa na wengi kuwa ni la asili ya hapa. Ukweli ni kwamba jiko hilo ni zao la kuchunguza kazi mbili za watu wengine.

Kazi ya kwanza ni jiko la bati tupu. Inasimuliwa kuwa liliingia Afrika Mashariki pamoja na vibarua kutoka India waliokuja kujenga Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901. Ni jepesi, hutengenezwa kwa vyuma chakavu na huwaka haraka. Kasoro yake ni kwamba bati hupitisha joto kwa urahisi, hivyo sehemu kubwa ya moto huishia kupasha hewa ya jikoni badala ya kupasha sufuria, na mtoto anayeligusa huungua.

Kazi ya pili ni jiko la ndoo la Thailand. Hilo lina ndoo ya bati, ndani yake kuna jiko kamili la udongo, na nafasi iliyobaki kati ya vitu hivyo viwili hujazwa majivu ya makapi ya mpunga ili kuzuia joto lisitoroke. Hutunza moto vizuri, lakini ni zito.

Agosti 1981 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya vya nishati na vile vinavyojirudia. Miaka iliyofuata, Wizara ya Nishati ya Kenya, wafadhili kutoka Marekani, asasi za kiraia kama KENGO na wabunifu akiwamo Max Kinyanjui waliifanya kazi ya kutafuta jiko la mkaa lililo bora zaidi. Walilichunguza jiko la Thailand kwa makini, lakini hawakulichukua kama lilivyo.

Swali lao lilikuwa ni sehemu gani ya jiko lile inayofanya kazi ya kutunza joto, na ni sehemu gani iliyopo kwa sababu tu mafundi wa Thailand walizoea kutengeneza hivyo. Waligundua kuwa udongo una kazi kubwa pale mkaa unapokaa, yaani nusu ya juu. Nusu ya chini ni ya majivu na hewa, na hapo bati peke yake linatosha. Kwa hiyo bitana ya udongo ikawekwa juu tu, na jiko likapungua uzito.

Kisha likaja tatizo la nyenzo mbili zisizopatana. Chuma kikipata moto hutanuka zaidi kuliko udongo uliochomwa, na vikibanana bila kitu kati yake, udongo hupasuka au hulegea na kuanguka. Suluhisho likawa tabaka la saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, ambalo hushika bitana na wakati huo huo hupunguza joto linalofika kwenye bati. Umbo nalo likabadilika. Jiko likawa na kiuno chembamba, mdomo mpana juu na kitako kipana chini, ili lisipinduke mpishi anaposonga ugali.

Jambo la mwisho, ambalo huenda ndilo lililoamua kila kitu, ni kwamba gamba la nje liliachwa mikononi mwa mafundi wa jua kali, ambao tayari walijua kukunja bati kwa nyundo, na bitana ikaachwa kwa wafinyanzi. Hakuna aliyetakiwa kununua mashine ya gharama kubwa ili aanze kazi.

Matokeo yake yanajulikana. Profesa Daniel Kammen, mtaalamu wa nishati wa Marekani, alieleza katika makala yake ya mwaka 1995 katika jarida la Scientific American kwamba jiko la bati tupu hufikisha kwenye sufuria kati ya asilimia 10 na 20 ya joto la mkaa, wakati jiko la bitana hufikisha kati ya asilimia 25 na 40. Kufikia wakati huo zaidi ya majiko 700,000 ya aina hiyo yalikuwa yakitumika nchini Kenya. Ethiopia ikapata jiko lake la jamii hiyo hiyo liitwalo Lakech, na Ghana ikapata Gyapa.

Mgema aliposifiwa

Waswahili husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jiko lilipopata jina, soko lilijaa watengenezaji ambao hawakuwahi kupata mafunzo yoyote. Walichokuwa nacho ni jiko moja la mfano, na walikinakili kile ambacho jicho linaweza kukiona: kiuno, rangi, mikono miwili na kimlango cha chini.

Jicho haliwezi kuona kama udongo ulichanganywa kwa kipimo, kama ulikaushwa taratibu kabla ya kuingia tanurini, wala kama ulichomwa hadi kuiva. Halioni unene wa tabaka lililo nyuma ya bitana. Hata idadi ya matundu yanayopitisha hewa chini ya mkaa, ambayo inaonekana, haina maana kwa asiyejua kazi yake. Matundu yakiwa machache moto hufifia na moshi wenye sumu huongezeka, na yakiwa makubwa kupita kiasi mkaa huteketea kabla chakula hakijaiva.

Yakipangwa dukani, jiko zuri na jiko bovu hufanana kama mapacha, isipokuwa bovu ni rahisi kidogo. Mnunuzi huchagua la bei nafuu. Baada ya miezi michache bitana hupasuka, naye hubaki na jiko la bati tupu alilolinunua kwa bei ya jiko banifu.

Hasara haiishii hapo. Mnunuzi huyo huwaambia majirani kuwa majiko banifu ni ulaghai. Fundi mwaminifu, ambaye gharama zake ni kubwa kwa kuwa huchoma udongo wake ipasavyo, hushindwa kushindana na hufika mahali akalazimika kuchagua kati ya kushusha ubora na kufunga karakana. Kazi ya miaka mingi ya utafiti huharibiwa na watu ambao, pengine, hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walichunguza nusu ya kifaa.

Pampu iliyokutana na mlima

Mfano wa pili unatoka shambani. Bangladesh ilipata sifa kuanzia miaka ya 1980 kwa pampu ya kukanyaga kwa miguu, iliyomwezesha mkulima mdogo kuvuta maji ya kisima kifupi bila mafuta wala umeme. Ni kifaa cha gharama ndogo kinachofaa katika nchi ya tambarare, ambako maji yako karibu na uso wa ardhi na yakishapanda hutiririka yenyewe kwenye mifereji hadi mashambani.

Shirika la ApproTEC, lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 1991 na Martin Fisher na Nick Moon, na ambalo baadaye lilibadili jina na kuitwa KickStart, lilikiona kifaa hicho na kulitambua wazo lake. Lakini shamba la Mkenya mara nyingi liko mlimani na maji yako bondeni. Pampu inayomwaga maji pale pale ilipo isingemsaidia. Ilihitajika pampu inayovuta na kisha kuyasukuma maji juu kupitia mpira.

Toleo lililotoka mwaka 1998, Super MoneyMaker, lilifanya kazi hiyo. Valvu na silinda zilisanifiwa upya ili zihimili shinikizo, na uzito ukapunguzwa ili mkulima aweze kuibeba pampu jioni na kurudi nayo nyumbani, kwa kuwa kifaa kinachoachwa shambani usiku hakina uhakika wa kukutwa asubuhi. Wizi wa shambani hauko katika vitabu vya uhandisi, lakini msanifu aliyeusahau angeuza pampu chache sana.

Somo la pampu linakamilisha somo la jiko. Kila kifaa kimebeba ndani yake mazingira ya mahali kilikotoka: ardhi yake, malighafi yake, mashine zilizokuwapo na tabia za wanunuzi wake. Anayekichunguza hana budi kuyatenganisha mambo yanayotokana na sheria za maumbile na yale yanayotokana na mazingira. Ya kwanza husafiri nchi zote, ya pili hubaki nyumbani kwake.

Hata Toyota ilipita njia hii

Wapo watakaosema kuwa mambo hayo ni ya jua kali, na kwamba viwanda vikubwa havijengwi kwa kufungua bidhaa za wenzao. Historia inawapinga. Mwaka 1933 Kiichiro Toyoda na wenzake, wakiwa ndani ya kampuni ya familia iliyokuwa ikitengeneza mitambo ya kufuma nguo, walifungua gari la Chevrolet na kulichunguza kipande kwa kipande. Injini yao ya kwanza, iliyokamilika mwaka 1934, ilifuata muundo wa injini hiyo ya Kimarekani.

Kinachosahaulika ni kilichotokea baadaye. Kumimina bloku ya injini kuliwashinda mara nyingi, kwa kuwa vipimo vya bloku havimfundishi mtu namna ya kutengeneza ukungu wa mchanga unaostahimili chuma cha moto. Na injini ilipowaka, nguvu yake ilikuwa chini ya ile waliyoiiga, ingawa vipimo vilifanana. Walilazimika kurudia usanifu wa silinda hedi mara kadhaa, wakijifunza jinsi mchanganyiko wa hewa na mafuta unavyoungua, ndipo nguvu ikapanda.

Kwa maneno mengine, nakala iliyoshindwa ndiyo iliyowafundisha. Kama wangeridhika na kufanana kwa umbo, huenda barabara za Afrika Mashariki leo zisingekuwa na magari mengi yenye jina hilo.

Sheria inasemaje

Swali la uhalali haliwezi kukwepwa. Kununua kifaa, kukifungua, kukipima na kukielewa si kosa. Kosa huanza pale mtu anapotengeneza na kuuza, bila idhini, kitu ambacho hataza yake ingali hai katika nchi husika, au anapobandika jina na nembo ya mwingine kwenye kazi yake. Hilo la pili ni bidhaa bandia, na nchini Tanzania linashughulikiwa na Tume ya Ushindani.

Mafundi wengi hawajui mambo matatu kuhusu hataza. Kwanza, ulinzi wake kwa kawaida hauzidi miaka 20, na ukiisha kila mtu yuko huru kuutumia uvumbuzi huo. Pili, hataza hulinda pale tu iliposajiliwa; iliyosajiliwa Ujerumani peke yake haimfungi mtengenezaji wa Mwanza anayeuza Mwanza. Tatu, na hili ndilo lenye manufaa zaidi, mvumbuzi hupewa ulinzi kwa sharti la kueleza hadharani, kwa maandishi na michoro, jinsi kifaa chake kinavyofanya kazi. Maelezo hayo ni shule ya bure. Kwa Tanzania Bara msajili ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), Kenya ina taasisi yake iitwayo KIPI, na lipo pia shirika la kanda, ARIPO, lenye makao yake Harare.

Katika ngazi ya kimataifa, nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo, Tanzania ikiwamo, zimepewa na Shirika la Biashara Duniani hadi Julai 1, 2034, au hadi zitakapotoka katika kundi hilo ikiwa hilo litatangulia, kabla ya kulazimika kutekeleza kikamilifu mkataba wa haki miliki unaohusiana na biashara. Sheria za ndani ya nchi bado zina nguvu, lakini nafasi ya kujifunza ipo na ina ukomo.

Ipo pia hoja ya upande wa pili, nayo ni ya haki. Fundi wa Arusha anayetumia mwaka mzima kuboresha mashine ya kupukuchua mahindi, kisha jirani akainakili kwa wiki moja, hana sababu ya kuboresha nyingine. Jiko la bitana halikufungwa na hataza, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuenea kwake kwa kasi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hapakuwa na mwenye mamlaka ya kumwambia mtengenezaji mbovu aache. Uhuru wa kuiga bila usimamizi wa viwango ulileta wingi, na wingi ukaja na ubovu wake.

Kuchunguza kuna utaratibu

Uchunguzi wa maana hauhitaji maabara ya kifahari, lakini unahitaji nidhamu. Hatua ya kwanza ni kukitumia kifaa kabla ya kukifungua, kwa sababu aliyepika kwa jiko wiki mbili anajua mambo ambayo rula haiwezi kumwambia. Ya pili ni kutafuta vifaa vitatu au vinne vya kazi moja kutoka kwa watengenezaji tofauti. Kinachofanana katika vyote aghalabu ndicho cha lazima, na kinachotofautiana ndicho chenye nafasi ya kuboreshwa.

Ya tatu ni kwenda kwa fundi wa kukarabati. Huyo ndiye mwenye kumbukumbu ya kila kinachovunjika, na lundo la vyuma chakavu nyuma ya karakana yake linaeleza udhaifu wa bidhaa kuliko tangazo lolote. Ya nne ni kukifungua kifaa na kuandika, mbele ya kila sehemu, kazi yake na kitakachotokea ikiondolewa. Sehemu isiyopatiwa jibu isinakiliwe wala isitupwe kabla ya kujaribiwa.

Ya tano ni kupima. Kwa jiko, jaribio ni jepesi: sufuria moja, kiasi kile kile cha maji, mkaa uliopimwa kwa mizani kabla na baada ya maji kuchemka, kisha kurudia mara kadhaa kwa jiko la mfano na kwa jiko jipya. Anayefanya hivyo hahitaji kubishana na mtu kuhusu ubora wa kazi yake. Asiyefanya hivyo, hata akiwa mkweli, hajui anachokiuza.

Nani amsaidie fundi

Tanzania haina uhaba wa taasisi zenye jukumu hilo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lipo tangu mwaka 1973. Jijini Arusha ipo Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo (TEMDO), na kipo Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC), vyote vikiwa vimeanzishwa kisheria mwanzoni mwa miaka ya 1980. Vyuo vya VETA vimeenea mikoani, na Shirika la Viwango (TBS) lina wajibu wa kulinda ubora.

Umbali uliopo kati ya taasisi hizo na fundi wa Gerezani ndio unaopaswa kufupishwa. Mwanafunzi wa ufundi hufundishwa kuchora kifaa kipya, lakini ni nadra kufundishwa kukisoma kifaa kilichokwisha kutengenezwa. Fundi wa mtaani naye hukisoma kila siku, ila hana mizani, hana mtu wa kumsomea michoro ya hataza, wala hana mahali pa kupeleka jiko lake lipimwe kwa gharama anayoimudu. Kila mmoja ana nusu ya elimu ambayo mwenzake anaihitaji.

Hadi 2034 muda si mrefu. Mahitaji ya majiko banifu, majiko ya gesi na ya umeme pamoja na vipuri vyake yataongezeka, na karakana zitanakili kwa sababu ndivyo zinavyoishi. Serikali haiwezi kulizuia hilo, na haina sababu ya kulizuia. Inachoweza kufanya ni kumpatia fundi mahali pa kuuliza na kifaa cha kupimia, na kumlinda anayefanya kazi nzuri dhidi ya anayeuza umbo tupu. Wahenga walikwisha kusema kuuliza si ujinga. Kwa mama anayepima mkaa wake kwa kopo, fundi asiyeuliza ni gharama anayoilipa kila siku anapowasha moto.